Safari Yetu ya Tendaguru

Safari tunayoisimulia mwezi huu haikuanzia bandarini wala kituo cha basi. Ilianzia sebuleni kwetu usiku mmoja baada ya kula. Mtoto wa ndugu yetu, mwanafunzi wa darasa la tano, alikuwa amekaa mkekani na daftari lake. Akainua kichwa, akatuuliza, "Ami, madinosaria walikuwa aina ngapi?" Palikuwa na wageni, nasi tukaona haya kusema kuwa hatujui. Tukamjibu upesi, "Elfu moja na ushei." Mtoto akaandika, akafunga daftari, akaenda kulala.

Sisi hatukulala upesi. Idadi ile tulikuwa tumeisoma mahali, wala si uongo, kwani aina za madinosaria zilizokwisha kupewa majina na kukubaliwa na wataalamu zimepita 1,000. Lakini mtoto hakutuuliza waliopewa majina ni wangapi. Alituuliza walikuwa wangapi. Mtu akiulizwa mji fulani una watu kiasi gani, naye akawahesabu wale anaowajua kwa majina, huyo hakujibu alichoulizwa. Nasi ndivyo tulivyofanya, tena mbele ya mtoto, na mtoto akakitia kauli yetu kwa wino.

Basi ilipotokea kwamba tumealikwa arusi Lindi, tukakusudia kuwa arusi ikiisha hatutarudi nyumbani kabla ya kufika Tendaguru, mahali ambapo mifupa ya wanyama hao ilichimbwa kwa wingi kuliko mahali popote pengine katika Afrika ya Mashariki. Tulidhani kwamba mahali penye mifupa mingi ndipo penye jawabu.

Tulisali Alfajiri Lindi mjini, tukapanda gari la mwenyeji wetu. Tuliishika barabara ya Kilwa kuelekea kaskazini, kisha tukaiacha lami, tukaingia njia ya vumbi iendayo bara upande wa Mipingo. Ukipima kwa mstari ulionyooka, toka Lindi hata Tendaguru ni kiasi cha kilomita 60 tu, kaskazini-magharibi ya mji. Lakini njia haikunyooka, nalo gari letu lilikuwa halina haraka. Pande zote mbili ni msitu mwepesi wa kiangazi, majani makavu, na hapa na pale mianzi. Tuliitazama mianzi ile bila kuifikiri sana. Baadaye tulijua kuwa nayo imo katika habari hii.

Kijijini tulimkuta mzee aliyekubali kutuongoza. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, wanangu. Mmekuja kwa mjusi?" Tukasema ndiyo, tumekuja kwa mjusi. Hapa twataka kusimama kidogo. Watu wengi katika nchi yetu, hata magazetini, husema "mjusi wa Tendaguru" kana kwamba alikuwa mnyama mmoja, tena mjusi. Mjusi hakuwa, kwani madinosaria ni ukoo wa peke yake, na walio karibu nao zaidi katika viumbe walio hai leo ni ndege, kuku wa nyumbani wakiwa miongoni mwao. Wala mmoja hakuwa. Lakini walikuwa wangapi, hilo ndilo lililotupeleka.

Kilima chenyewe hakitishi. Yasemwa jina lake katika Kimwera lina maana ya kilima chenye mteremko mkali, na mteremko upo, lakini mgeni asiyeambiwa angalipita pale akakiona kichaka juu ya mwinuko, akaendelea na safari yake. Mnamo mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, alipita karibu na hapo akaona mfupa mkubwa mno ukichomoza katika ardhi njiani. Tuukumbuke mwaka huo: vita vya Majimaji, vilivyoanza 1905, vilikuwa havijaisha katika nchi ya kusini. Mwaka uliofuata, 1907, akaja mtaalamu wa mawe, Eberhard Fraas wa Stuttgart, akaitazama mifupa na kuichukua baadhi yake. Kisha jumba la makumbusho la Berlin likaleta watu wake, Werner Janensch na Edwin Hennig, na mwishoni Hans Reck, wakachimba toka 1909 hata 1913.

Twasema "wakachimba", lakini mikono iliyochimba ilikuwa ya wenyeji. Wafanya kazi walifika kiasi cha 500, na mkuu wao, aliyejua kuufungua mfupa toka katika udongo pasipo kuuvunja, alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa ilifungwa kwa udongo na kwa vipande vya mianzi, ile mianzi tuliyoipita asubuhi, ikachukuliwa mabegani na vichwani hata Lindi kwa mwendo wa siku kadhaa, ndipo ikapakiwa melini. Jumla ilikuwa zaidi ya tani 200. Mzee wetu alitusimamisha penye shimo lililojaa majani, upana wake kama wa ua wa nyumba, akasema, "Hapa walichimba." Hakusema zaidi. Mashimo ya namna hiyo yako mengi kukizunguka kilima, na mengine yamekwisha kufunikwa na msitu hata huwezi kuyatambua.

Haya basi, mifupa ikafika Ulaya. Sasa anza kuhesabu.

Fraas mwaka 1908 alitangaza aina mbili, akaziweka katika jenasi moja aliyoiita Gigantosaurus. Jenasi, kwa asiyezoea neno hili, ni kama ukoo, na spishi ni aina moja ndani ya ukoo huo. Na madinosaria wengi wanaotajwa vitabuni hutajwa kwa jina la jenasi peke yake. Kumbe jina Gigantosaurus lilikwisha kutumiwa tangu 1869 kwa mnyama mwingine wa Uingereza, na kanuni haikubali majina mawili yalingane. Mwaka 1911 wanyama wale wakaitwa Tornieria. Baadaye Janensch akaona kwamba mmoja wao ni wa jenasi ya Barosaurus, iliyokwisha kujulikana Marekani, akamhamishia huko. Mwaka 1991 yule wa pili akapewa jenasi yake mwenyewe, Janenschia. Na mwaka 2006 yule wa kwanza akarudishiwa jina la Tornieria. Mnyama mmoja, majina matatu, katika muda usiotimia miaka 100. Mwenye kuhesabu kwa kusoma vitabu vyote bila ya hadhari atampata mara tatu.

Mfano mwingine ni yule mkubwa anayesimama Berlin tangu 1937, mwenye urefu wa zaidi ya meta 13 kutoka ardhini hata kichwani. Janensch mwaka 1914 alitangaza aina mbili za namna yake, kisha mwenyewe akakiri kuwa mbili zile ni moja tu. Aliiweka aina hiyo katika jenasi ya Brachiosaurus, iliyotangazwa Marekani mwaka 1903. Hata mwaka 1988 mtaalamu mwingine akapendekeza jina la Giraffatitan kwa huyu wa Tendaguru, na mwaka 2009 uchunguzi wa mfupa kwa mfupa ukaonyesha kuwa wa kwetu na wa Marekani wanatofautiana vya kutosha kila mmoja awe na jenasi yake. Hapa hesabu ilipungua kwa mmoja, kisha ikaongezeka kwa mmoja, na mifupa haikusogea mahali pake. Tena mifupa ile iliyosimamishwa si ya mnyama mmoja. Imekusanywa katika wanyama zaidi ya mmoja ili umbo litimie.

Wataalamu waliopitia majina yote yaliyopata kutolewa duniani tangu 1824, mwaka alipotangazwa dinosaria wa kwanza huko Uingereza, wamekuta kuwa takriban nusu hayasimami. Mengine ni mtoto na mzazi wake waliodhaniwa kuwa aina mbili, mengine ni jino moja au kipande kisichotosha kumtambulisha mtu yeyote. Kwa hiyo hata ile 1,000 na ushei tuliyomwambia mtoto si nambari iliyotulia. Kila mwaka huongezwa aina mpya makumi kadhaa, na kila mwaka baadhi ya zile za zamani hufutwa.

Tulikaa juu ya kilima, mwenyeji wetu akafungua kikapu, tukala mihogo na samaki wa kukaanga. Samaki wale ndio waliotukumbusha jambo ambalo tulikuwa tumelisoma bila kulifahamu vizuri. Asubuhi ya jana yake tulikuwa soko la samaki Lindi. Mvuvi alimwaga tenga lake, na ndani yake mlikuwa na changu wengi, tasi wengi, vibua wasiohesabika; kisha pono mmoja, chewa mmoja, taa mmoja, na samaki mwingine mmoja ambaye hata mvuvi alilazimika kumuuliza mwenzake jina lake. Mama ajuaye samaki akitazama tenga kama hilo atakwambia mara moja kwamba baharini zimo aina nyingine nyingi ambazo leo hazikuingia wavuni. Amejuaje? Kwa wale waliokuja mmoja mmoja. Lau kila aina ingalikuja kwa makumi, tungalisema kwamba wavu umekwisha kuzishika karibu zote. Lakini ikiwa aina nyingi zimeonekana mara moja tu, ni dhahiri kwamba ziko zilizokosa kuonekana hata mara hiyo moja.

Hiyo ndiyo njia wanayoitumia wataalamu wa hesabu, ingawa wao huiandika kwa alama. Na tenga la Tendaguru ni la namna hiyo hiyo. Dinosaria mdogo aitwaye Dysalotosaurus alipatikana kwa wingi mno, kundi zima mahali pamoja. Kentrosaurus, mwenye miiba mgongoni na mkiani, alipatikana kwa mamia ya mifupa. Lakini Elaphrosaurus, mkimbiaji mwepesi, ajulikana hasa kwa kiunzi kimoja ambacho kichwa hakikupatikana. Lau shimo lile moja lisingalichimbwa, leo tusingalijua kuwa aliishi.

Mwaka 1990 Peter Dodson wa Marekani aliyachambua majina yote, akabakiwa na jenasi 285 zilizosimama, na karibu nusu yake zilijulikana kwa mnyama mmoja tu. Akakadiria kwamba jenasi zote zilizopata kuwako ni kati ya 900 na 1,200. Mwaka 2006 yeye na Steve Wang wakahesabu tena. Sasa zilizojulikana zilikuwa 527, na makadirio yakapanda kufika 1,850. Angalieni jambo hilo. Katika miaka 16 wavu uliongezeka, na bahari nayo ikaonekana kuongezeka. Sababu si kwamba walikosea kujumlisha. Katika miaka hiyo China, Argentina na nchi nyingine zilifungua ardhi ambayo haikuwa imechimbwa, na kila ardhi mpya ilileta wale wa mmoja mmoja.

Mwaka 2016 wataalamu wawili wa Oslo, Jostein Starrfelt na Lee Hsiang Liow, walitumia njia nyingine, wakakadiria si jenasi bali spishi, wakapata 1,936. Na kwa uaminifu wakasema kwamba yaweza kuwa chache kama 1,543 au nyingi kama 2,468. Msomaji atafurahi kupata nambari yenye mpaka wa chini na wa juu. Nasi tulifurahi, mpaka tulipochukua kijiti pale kilimani tukaanza kufanya hesabu yetu wenyewe mchangani.

Ndege walio hai leo ni kiasi cha aina 11,000. Madinosaria, tukiwaacha ndege, waliishi kwa muda wa miaka kiasi cha milioni 165, mpaka walipotoweka miaka milioni 66 iliyopita. Aina moja ya mnyama haidumu milele. Tuseme hudumu miaka milioni mbili, na huo ni ukarimu kwa wengi wao. Basi katika muda huo wote aina zingebadilishana zaidi ya mara 80. Na tuseme kwamba kwa wakati mmoja dunia nzima, toka ncha hata ncha, ilikuwa na aina 500 tu za madinosaria. Zidisha: zapita 40,000. Hii ni hesabu ya mchangani, wala hatumtaki mtu ainukuu kana kwamba ni ya chuo kikuu. Tumekisia sisi zile 500 na ile milioni mbili. Lakini hata ukizigawa nambari zetu kwa nusu, na nusu yake tena, bado wapo mbali na 1,936.

Mzee alikuwa anatutazama tukichora. Akauliza, "Sasa nani mwenye haki, nyinyi au wale?" Tulicheka, lakini swali lilikuwa la haki, nalo jibu lake lilikuwa chini ya miguu yetu.

Mawe ya Tendaguru yamepangana kwa matabaka. Yako matabaka matatu yenye mifupa ya madinosaria, ya umri wa karibu miaka milioni 150, na katikati yake mna mchanga wa baharini wenye makombe. Yaani ilikuwa pwani: bahari ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, na wanyama waliofia karibu na maji wakafunikwa na tope kabla ya kuliwa na kuoza. Lakini yule aliyeishi mlimani mbali na pwani, je? Yule wa msitu wa bara, ambako mfupa huoza kabla mwaka haujaisha? Huyo hakuacha shahidi. Na muda ambao bahari ilikuwa imefunika mahali hapa, walioishi nchi kavu kando yake hawakuandikwa katika ukurasa huu. Njia ya tenga la samaki ni nzuri, lakini hukadiria wale ambao wavu huo, katika maji hayo, ungaliweza kuwashika. Kwa samaki wa vilindini ambako wavu haufiki, tenga halina la kusema. Ndiyo maana twaona kwamba wale wa Oslo hawakukosea, nasi pengine hatukukosea sana. Hesabu yao ni ya walioweza kuacha alama katika mawe tuliyonayo, na hesabu yetu ni ya walioishi. Mtoto alikuwa ameuliza hii ya pili.

Uchache wa mashahidi ni wa kustaajabisha. Mwaka 2021 wataalamu wa Marekani walikadiria kwamba wanyama wa aina ya Tyrannosaurus rex waliopata kuishi, kizazi baada ya kizazi, ni kiasi cha bilioni 2.5. Katika hao, kwa makadirio yao, katika kila milioni 80 hivi amepatikana mmoja. Na huyo ni mnyama mkubwa wa mifupa minene. Fikirini aina iliyokuwa na wanyama wachache, wadogo kama kanga, katika bonde moja tu.

Tena mifupa haisemi yote hata inapopatikana. Simba na chui milia wa Bara Hindi, ukiwavua ngozi na kuacha mifupa, huwatatiza hata wenye ujuzi wasipokuwa na kichwa cha kutazama. Lau wangalijulikana kwa mgongo na miguu tu, huenda wangaliandikwa kuwa aina moja. Ni madinosaria wangapi waliohesabiwa mmoja hali walikuwa watatu, rangi zao mbalimbali na sauti zao mbalimbali?

Pia si mifupa yote iliyotoka Tendaguru iliyosalia. Mingi ya Kentrosaurus ilipotea Berlin katika vita vya 1939 hadi 1945. Baadhi ya mizigo iliyofungwa kwa mianzi ilikaa katika ghala za jumba lile zaidi ya miaka 100 bila kufunguliwa. Na katika ile iliyofunguliwa bado wanatokea wapya. Mwaka 2007 pingili mbili za shingo zilizochimbwa zamani zilipewa jina Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti bin Amrani. Mwaka 2019 mkia mmoja uliokuwa ukidhaniwa kuwa wa Janenschia ulitenganishwa, ukaitwa Wamweracaudia keranjei, jina la kwanza likiwataja Wamwera wenye nchi hii, la pili likimtaja Mohammadi Keranje, mmoja wa wachimbaji wa wakati ule aliyehusika na mkia huo. Tulipomwambia mzee majina hayo alitutaka tuyatamke mara ya pili. Kisha akayatamka yeye, "Boheti. Keranje," akatikisa kichwa, akasema, "Wamechelewa, lakini wamefika."

Hatukwenda Rukwa wala Nyasa, kwa hiyo hatutasema mengi juu ya huko, ila ni lazima tuwataje wachache. Kusini-magharibi ya Tanzania wametoka Rukwatitan mwaka 2014, Shingopana mwaka 2017, na Mnyamawamtuka moyowamkia mwaka 2019, mnyama wa mto Mtuka ambaye pingili yake ya mkiani ina umbo la moyo. Na yuko Nyasasaurus, ambaye mifupa yake ilikusanywa upande wa Ziwa Nyasa katika miaka ya 1930, ikapewa jina rasmi mwaka 2013. Umri wake ni kiasi cha miaka milioni 243, na wataalamu hawajakata shauri kama alikuwa dinosaria wa kwanza au jamaa yao wa karibu tu. Basi hata mstari wa kuanzia hesabu haujachorwa.

Tulishuka jua likielekea magharibi. Chini ya kilima mzee alisimama, akaelekeza fimbo yake njiani. Palikuwa na kipande kama jiwe la kahawia, ukubwa wa kiganja, chenye vitundu vidogo vidogo upande uliovunjika. Ulikuwa mfupa. Mvua zimekuwa zikiitoa mifupa hivyo tangu kabla ya Sattler kupita.

Nyumbani, jioni ya pili, tulimwita mtoto na daftari lake. Tukamwambia kwamba tulimjibu vibaya: 1,000 na ushei ni wale waliokwisha kupata majina, 1,936 au karibu na hapo ni makadirio ya wale ambao mawe yaliyoko yangaliweza kutuonyesha, na walioishi kweli ni zaidi ya hapo, pengine mara nyingi zaidi, wala hakuna awezaye kumwandikia nambari yake. Aliikata ile ya kwanza kwa mstari mmoja, akaandika zote tatu mmoja chini ya mwingine, na mbele ya ile ya tatu akaacha nafasi. Kisha akauliza habari ya kile kipande cha mfupa, kwa nini hatukumletea.

Tukamwambia kwamba sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 hairuhusu, na kwamba mfupa ulioondolewa mahali pake bila kuandikwa umetoka katika tabaka gani haumsaidii mwenye kuhesabu. Tuliuacha pale pale njiani, upande wa kushoto unaposhuka.